Pete Ikizunguka

Asubuhi ya tano baada ya kujifungua, pete iligoma kuzunguka.

Mzazi aliishika kwa vidole viwili, akaisukuma kushoto, akaisukuma kulia. Wapi! Imeganda kidoleni kama iliyopigwa msumari. Akamwita wifi yake, aliyekuja kumsaidia kumwogesha mtoto na kupika uji.

"Wifi, njoo uone. Nimekwisha mimi."

Hakuwa mtu wa kudeka. Mwezi wa mwisho wa mimba presha ilimpanda, na wodini walikuwa wanalala wawili wawili kitanda kimoja, kwa hiyo siku ya pili tu mkunga alimruhusu aende nyumbani akajichunge mwenyewe. "Kila ukiamka, zungusha pete. Isipozunguka, ujue umevimba, njoo. Kichwa kikikugonga, njoo. Ukiona vinyota machoni, njoo. Lolote kati ya hayo, usingoje jingine."

Katika hayo matatu, yeye alishika la pete. Dada yake mkubwa alikufa siku ya tisa baada ya kuzaa, na waliomwosha ilibidi waikate pete yake kwa koleo. Kama kichwa kilimuuma au hakikumuuma, nani alimuuliza? Lakini pete waliiona wote.

"Tumwambie kaka," alisema wifi.

"Thubutu! Mwanamume aliyezimia mlangoni mwa leba? Haya tuyamalize wenyewe."

Na kweli, mume alikuwa na moyo mwepesi. Sonara mzima, anashinda na moto mkononi, lakini mkewe akikohoa tu yeye hali. Pete hiyo aliifua mwenyewe kwa dhahabu ya hereni za marehemu mama yake, na kila aliyemtembelea alihadithiwa, atake asitake.

Waliitoa kwa sabuni, wifi akivuta, mzazi ameng'ata mto. Mume alikuwa anatoka kwenda kazini, akawakuta hivyo hivyo, uso ukamkunjamana kama anayevutwa kidole yeye.

"Mikono imechoka kufua nguo za mwanao," wifi akamzuga. "Hebu tupishe."

Pete ikawekwa kwenye kisahani juu ya kabati karibu na mlango, na wanawake wale wawili wakakubaliana kwamba kesho asubuhi isipoingia, ni hospitali, hata kwa kubebwa.

Kutwa ile mzazi hakutaka hata kukitupia jicho kisahani. Alimpakata mtoto, akawa anamtazama masikio, kope, kucha, kama anayemkariri. Aliogopa. Aliogopa mpaka maziwa yakakataa kutoka.

Jioni mume akarudi, akanawa mikono, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Funga macho, mama mtoto. Leo nakuoa upya, na mahari sitoi."

Pete ikapita kifundo cha kidole, ikakaa. Mzazi akafumbua macho, akaizungusha. Ikazunguka. Akaizungusha tena, akaangua kilio cha furaha hadi mtoto akashtuka usingizini. Mume naye akacheka huku anafuta machozi. Hakuuliza kitu, wala hakuulizwa.

Siku ya sita kichwa kikaanza kugonga.

"Kichwa tu," alisema. "Nani anayekesha na kichanga asiumwe kichwa? Tazama." Akaizungusha pete. Majirani waliokuja kumwona mtoto wakamsifu: mashavu hayo, uzazi umempenda! Wifi akatania kwamba safari hii kaka yake kaoa mke na nusu.

Siku ya saba vikaja vinyota. Wifi akavaa viatu.

"Mkunga alisema lolote. Inuka twende."

"Twende wapi, nikabanane na nani kitanda kimoja? Dada yangu alikatwa pete, wifi. Yangu hii hapa inacheza. Mtu wa kufa pete yake haichezi hivi."

Ikazunguka, ikazunguka. Wifi akaitazama, akavua viatu. Tangu hapo hajavivaa tena.

Siku ya nane, mchana kweupe, mzazi aliinama kwenye beseni la nguo za mtoto na hakuinuka. Mwili ulimkakamaa, akang'ata ulimi. Mpaka gari lipatikane, mpaka mume aitwe, mpaka foleni ya getini ifunguke, saa mbili zilikuwa zimekwenda.

Mkunga ni yule yule. Alitoka chumba cha dharura akivua glavu polepole mno, na waliokuwa kwenye benchi hawakuhitaji kuambiwa. Wifi aliteremka hadi sakafuni, mtoto kifuani.

"Niliwaambia muangalie pete," mkunga alisema, sauti ikimkatika. "Mikono imevimba vile, mlikuwa mnangoja nini? Niliwaambia pete!"

"Ilizunguka!" wifi alilia. "Haki ya Mungu, kila asubuhi ilizunguka! Nimeiona kwa macho yangu!"

Mume alimtazama dada yake, akamtazama mkunga.

"Ipi, hii niliyomfulia?" aliuliza. "Mbona hii ilikuwa inambana sana. Siku ile niliichukua pale kwenye kisahani, nikaenda nayo kazini, nikaipanua kidogo, asiumie."