Mkono wa Kileo

Hakuna mzimamoto wa msitu aliyeruhusiwa kurudi nyumbani na moto kichwani. Akishuka mlimani hupitia zahanati, hufutwa kumbukumbu za kazi, kisha huenda kwake mwepesi kama pamba. Ndivyo alivyorudi Mringi, akipiga mluzi, na usingizi wake ulikuwa wa pono.

Siku ya tatu akaja Manka, mjane wa Kileo, mwenzake wa kikosi ambaye hakushuka.

"Shemeji, mlikuwa wawili tu kule juu. Mume wangu alisema nini mwisho?"

"Sijui, shemeji. Wamenifuta."

"Hata tusi? Kileo hangekufa bila kumtukana mtu."

Mringi alitaka kucheka, akashindwa. Alijikamua kichwa kama nguo iliyokwisha kukauka. "Ningekuwa nalo ningekupa, haki ya Mungu."

Alipomnyooshea mkono kumpa pole, shati likapanda. Juu ya kiwiko palikuwa na alama nyeusi za kubanwa: dole gumba upande mmoja, vidole vitatu upande wa pili. Kidole cha shahada cha Kileo kilikuwa kimekatwa na msumeno miaka mingi nyuma.

Manka akaweka vidole vyake juu ya alama zile, kimoja kimoja.

"Alikushika kwelikweli," akasema. "Sasa niambie, shemeji. Alikuachia yeye, au ulimbandua wewe?"

Mringi aliutazama mkono wake kama mkono wa mgeni. Alama zilikwisha kuanza kufifia. Akazibana kwa kucha, kwa nguvu zake zote, zisije nazo zikafutika.