Tundu ya Mupya mu Mukaba

Laurentine alikuwa ameshika sahani ya Noeli, nyama yote ya posho iko mule, wakati macho yake ikakwama ku mukaba ya suruali ya bwana yake.

Mwezi muzima bwana hakunywa pombe. Kila asubui, mbele ya sirena kuita bantu ku kazi, anakimbia kuzunguluka kambi yote ya bachimba madini ya mine. Nyuma ya Bonané, siku ya mwaka mupya, munganga atapima kilo na nguvu ya bantu ba kazi. Mwenye kukosa kilo, banamurudisha ku mugini, yeye na bibi na batoto.

"We baba, unakimbiza nani? Ni Noeli, kuya tunywe!" bajirani banamusekea.

Nyama, karanga, maharagi, yote ilikuwa yake. Batoto banakula bukari, ile ugali, na sombe ya majani ya muhogo tu.

"Mama, leta," bwana akasema. "Nasikia nguvu inarudia."

Lakini mu mukaba mulikuwa tundu ya mupya, alitoboa na musumari ya moto, mbali sana na zile za zamani. Ni pale alifungia. Mukia ya mukaba ilikuwa inaning'inia mpaka ku paja.

Laurentine akamupita. Akaweka sahani chini, katikati ya batoto.

"Kuleni," akasema. "Mumalize yote."

Bwana akainama, akafunga viatu, akatoka kukimbia.