Springi ya Watu Wawili

Mzee Ngwali alipeleka baiskeli yake ya milimani kwa fundi Chande kwa sababu shokapu ya nyuma ilikuwa inamrusha kwenye kila shimo. Fundi akafunga mpya, akaikaza springi kama ya zamani, kisha akamwambia apande ajaribu. Haikubonyea hata kidogo.

"Mzee wangu, kwani ulikuwa unabeba saruji?"

"Nilikuwa nambeba mke wangu, Mwanahawa. Tukishuka mlima ule, yeye yuko nyuma kwenye keria, amenikamata kiuno, ananitukana mpaka tufike chini."

Fundi alicheka, halafu akaukumbuka msiba wa Mwanahawa, akainama kuitazama springi.

"Kumbe ya zamani ilikuwa nzima. Ilikuwa bado imekazwa kwa watu wawili." Akaokota spana. "Nilegeze hii, ikutoshe peke yako?"

Mzee alipeleka mkono nyuma, akapapasa keria, pale palipofungwa kipande cha kanga ili mtu asiumie akikaa. Kilikuwa kimepauka.

"Legeza," alisema. "Ila usimalize yote."

Akaondoka akirushwarushwa kidogo, amejibana mbele ya siti kama anayemwachia mtu nafasi nyuma yake.