Mwiba wa Mzee Kobe

Hadithi yangu imekuja na mvua. Mwenye sikio alitege.

Mzee Kobe hakumwamini kiumbe yeyote. Mwiba ulikuwa umemchoma shingoni, mahali asipoweza kufika mwenyewe, na kila aliyejitolea kuuchomoa alimfukuza. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

Asubuhi moja, mvua ilipokatika, Kumbikumbi alitua mbele yake. "Shikamoo, babu. Nikuchomoe huo mwiba?"

Kobe akaingiza kichwa gambani. "Nani kakutuma?"

"Mungu kanipa siku moja tu, babu. Jioni akiniuliza niliitumiaje, sitaki kukosa jibu."

"Nenda zako! Kesho utarudi na masharti."

"Kesho sina," alisema Kumbikumbi, akaenda.

Kobe akashinda akichungulia. Alimwona akimwongoza Fuko kipofu hadi mlangoni kwake. Akamwona Siafu akimsukuma na kumtukana, naye akamwomba Mungu ambariki Siafu. Kobe akaguna: asiyejibu tusi ana jambo analoficha! Magharibi akamwona Kumbikumbi akipukutisha mabawa. Hapo akafurahi: mwizi anautupa ushahidi!

Akajikokota kwenda kumfumania. Akamkuta amelala chali, amekufa. Akayafunua mabawa yote, moja baada ya jingine, akitafuta kilichoibwa. Hakukuta kitu.

Mwiba ukamchoma. Kobe akatazama huku na huku, lakini hakubaki wa kumwita. Wote alikwisha kuwafukuza. Miaka mingi ilikuwa bado mbele yake, na yote aliiishi na mwiba ule.