Klipu Iliyolegea

Klipu ilikuwa imelegea tena.

Fundi alilala chali chini ya gari kuukuu la babake, akaimulika kwa tochi. Mafuta mekundu ya usukani yalikuwa yanapenya mwishoni mwa mpira unaoyapitisha, yanatambaa juu ya chuma na kudondoka sakafuni. Mpira ulikuwa mpya. Klipu, ule mkanda wa chuma ulioubana, nayo ilikuwa mpya. Alivifunga mwenyewe mwezi uliopita, kama alivyovifunga mwezi wa kabla yake, na skrubu aliikaza mpaka bisibisi ikagoma.

Skrubu ya namna hiyo haijilegezi, ingawa mwenye bisibisi ndefu angeifikia hata akisimama mbele ya boneti. Na kwenye kichwa cha skrubu palikuwa na mkwaruzo mbichi, unaong'aa.

"Umeona nini?"

Fundi nusura agonge paji la uso. Mama mdogo, mke mpya wa babake, alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu, kandambili miguuni. Hakumsikia akija.

"Linavuja palepale," fundi akajibu.

"Mafuta yakiisha kabisa, usukani unakuwaje?"

"Unakuwa mzito."

"Hata kwenye kona?"

Mkono wa fundi ukasimama. "Kona gani, mama mdogo?"

"Ile ya kushukia mjini, yenye bonde." "Usukani unaweza kumshinda mtu pale?"

"Unaweza."

"Haya." Akainuka taratibu, na kandambili zikarudi jikoni bila haraka.

Fundi alibaki pale chini. Babake alikuwa fundi kabla yake, ndiye aliyemfundisha kushika spana angali hajafikia boneti. Gari hili mzee alilipenda kuliko baadhi ya ndugu zake, na hakuficha. Usukani wake hakumwachia mtu, hata marehemu mkewe. Lakini ile mikono iliyokuwa inang'oa tairi kama kizibo sasa ilikuwa imesinyaa. Tangu aoe tena, hata simu yake ilikuwa ikipokewa na mwanamke.

Na aliyempigia fundi aje, mara zote, ni huyohuyo mama mdogo. Hilo ndilo lililomtia baridi zaidi. Gari likitumbukia bondeni, watu watauliza nani alilitengeneza, na jibu litakuwa tayari: binti yake mwenyewe, tena alilishika juzi tu.

Alikata ncha ya mpira iliyochubuliwa na klipu, akaufunga kwa klipu mbili badala ya moja, akajaza mafuta. Alipoingia kwenye kiti cha dereva magoti yakagota dashibodi, ikabidi akisukume nyuma. Akawasha injini, akazungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, mpaka mapovu yakaisha na pampu ikaacha kulia. Akashuka, akapiga magoti, akachungulia. Pakavu.

Mama mdogo alikuwa dirishani, anamtazama.

"Kesho gari linashuka mjini," akasema. "Una hakika sasa?"

"Nina hakika."

"Hakika kabisa?"

Fundi alifuta mikono, akapita mlango wa mbele ili asikutane naye jikoni.

Mzee alikuwa ameshaamka kutoka usingizi wa mchana. Alikaa sebuleni, mguu mmoja juu ya stuli, redio inasema chinichini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umelimaliza?"

Fundi alifunga mlango, akaongeza sauti ya redio, akachutama karibu na kiti chake.

"Baba, nisikilize, na tafadhali usipandishe sauti. Ile klipu hailegei. Inalegezwa. Mara zote tatu kuna mtu ameifungua."

Mzee akashusha mguu kwenye stuli.

"Mama mdogo ananiuliza habari za kona ya bondeni. Anataka kujua kama usukani unaweza kumshinda mtu pale. Sitaki kumsingizia, lakini mtu haulizi maswali hayo hivihivi. Nakuomba usiliguse gari hilo kesho. Chukua nguo zako, twende kwangu leo hii."

Babake akamwekea kiganja kichwani, kizito, cha uvuguvugu, na fundi akahisi machozi yanamjia.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Sijamwambia mtu."

"Vizuri." Mzee akashusha pumzi. "Basi toa wasiwasi. Mimi goti limeshanikatalia, sijaendesha tangu mwaka jana. Anayeliendesha ni yeye."

Akainama, sauti yake ikawa chini kuliko ya redio.

"Sasa hebu nieleze, mwanangu. Umejuaje kuwa imelegezwa?"