Laana Chini ya Kitambaa

Sir Ambrose Leckford hakungoja meza ya karata aliyoirudisha itulie sakafuni. Aliikunjua pale pale katikati ya karakana, akashika kitambaa cha kijani kilichokuwa kimeanza kubanduka pembeni, akakichana hadi mwisho.

"Someni!"

Bwana Garrod, mwenye karakana, akavaa miwani. Kwenye ubao, pale karata zinapogawiwa, palikuwa na maneno ya wino. Akayasoma huku sauti ikimfifia: "Anayecheza kamari hapa na afe fukara, akose hata wa kumzika."

Misumeno ikanyamaza. Katika mtaa mzima wa St Martin hapakuwa na fundi asiyejua kwamba Sir Ambrose alikuwa amepoteza kwenye karata mashamba ya mkewe, kisha farasi wake, kisha mikufu ambayo mkewe aliachiwa na mama yake. Mkewe mwenyewe alisimama mlangoni, mikono ameificha ndani ya shali.

"Nani ameitengeneza hii?" aliuliza Sir Ambrose.

"Mimi," alisema Jabez Orchard.

Meza ile aliihangaikia majira yote ya baridi. Vipande vya mbao vya njumu, vya kupachikwa juu yake kama pambo, alivikata kwa mkono, akavichoma kingo kwa mchanga wa moto hadi vikapata kivuli, na kitambaa alikibandika mwenyewe kwa gundi ya ngozi. Sasa aliinama, akapitisha kidole pale kilipobandukia. Kidole kikatoka na gundi kavu ya unga mweupe wa jikoni, si ile yake ya ngozi. Akakifuta upesi kwenye aproni.

"Na maneno haya ya nani?" Sir Ambrose alifoka. "Kama si mmoja wenu, basi ni mtu wa nyumbani kwangu, na huyo leo hii nampeleka nyumba ya wendawazimu, akafie huko!"

Jabez akanyooka.

"Ni yangu. Tena ningepata nafasi ningeongeza."

"Omba radhi, mshenzi wewe!"

"Kwa lipi, mheshimiwa? Uongo uko wapi hapo?"

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko. Sir Ambrose akaiva uso.

"Garrod, mfukuze! London nzima hapati karakana, hata ya kufagia maranda."

"Jabez, mwanangu," Bwana Garrod alimsihi, "omba radhi yaishe."

"Siombi."

"Basi kusanya vifaa vyako."

Sir Ambrose akatoka akitukana. Mkewe alimtazama Jabez, akamwinamia kichwa kidogo, kisha akamfuata mumewe kwenye gari la farasi.

Jabez alizifunga patasi zake ndani ya aproni bila haraka, kichwa juu, kana kwamba yeye ndiye aliyewafukuza wote. Bwana Garrod akamsindikiza hadi mlangoni. Alipohakikisha gari limekwisha kupinda kona, akamshika mkono.

"Jabez, barua za mama yako miaka yote nakusomea mimi, na majibu nakuandikia mimi. Umejua kuandika lini?"

"Leo, bwana," alisema Jabez, akashika njia.