Ukuta wa Jikoni

Shomari, fundi mwashi, alianguka kutoka kwenye ghorofa aliyokuwa akiijenga, akafa. Baada ya arobaini, fundi mwenzake, Chande, alikuja kummalizia mjane jiko ambalo marehemu aliliacha nusu. Aliutazama ukuta, akashika nyundo.

"Shemeji, matofali ya chini yamepinda. Itabidi nibomoe."

"Usibomoe," alisema Mwanahawa. "Hayo waliyapanga wanangu. Baba yao alikuwa akirudi amechoka hoi, mgongo unamuuma, na bado anawakorogea udongo na kuwaachia mwiko. Nilimwambia ukuta unakwenda upande. Akacheka. 'Mama Siwema, kazini nanyoosha kutwa nzima. Hapa niache nifurahi na wanangu.'"

Chande aligeuza uso. Shomari aliyemjua yeye hakuwahi kuvumilia tofali lililopinda hata kidogo. Akaiweka nyundo chini, akaanza kukoroga udongo.

Mwanahawa, ambaye tangu mazishi hakuwa ametoa chozi, alipiga magoti kando yake. Akachukua tofali, akalipachika juu ya yale ya watoto, kisha akabaki amelishikilia kwa viganja viwili, machozi yakimchuruzika, udongo ukimkaukia vidoleni.